Choo cha Mama na Rangi Nyekundu

Kila nikinunua umeme wa nyumba ya mama, ujumbe unaoingia kwenye simu yangu huonyesha na kilichokatwa: kodi ya majengo. Siwezi kubishana nayo, mita ya luku haina masikio. Lakini nikilisoma neno hilo, majengo, huwa nasonya kwa sauti humu dukani mpaka wateja waliofuata mbegu na dawa ya pamba wananiuliza kuna nini. Nawajibu kuna jengo. Au halipo. Inategemea umeuliza dirisha gani.

Jengo lenyewe ni nyumba aliyoiacha baba. Aliijenga kwa pamba, tofali za kuchoma na bati, kando ya Bariadi, wakati upande ule ulikuwa mashamba matupu na mpaka wetu ulikuwa uzio wa minyaa. Baba akafariki, mji ukapanuka ukatukuta pale pale. Wapimaji walikuja wakachimbia bikoni zao za mipaka, moja katikati ya zizi la zamani, wakaondoka bila hata kunywa maji. Mama akabaki na nyumba yake, na choo cha shimo kule mwisho wa uwanja nyuma ya minyaa, kama kaya nyingine zote.

Kisha nyonga yake ikaharibika. Hospitali walimpa dawa na fimbo, basi. Nilikuwa nimehamia kwake ili nimtazame, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hanywi. Chai anaionja, maji anayasogeza pembeni. Nilidhani ni homa. Kumbe alikuwa anajinyima maji ili asilazimike kuuvuka ule uwanja.

"Mayu, tukujengee choo cha ndani," nikamwambia. "Cha kukaa, mlango utokee chumbani kwako."

Alinitazama kama niliyetukana. "Ndani? Mle na mlale na mavi chini ya bati moja? Hata paka anatoka nje."

Aliona kinyaa kweli kweli, na sikumcheka, maana wazee wetu ndivyo walivyolelewa: choo kinakaa mbali na chungu. Tulivutana hivyo mpaka siku aliyoteleza kwenye tope la mvua, akakaa chini pale pale, nguo zimelowa, mpaka jirani alipomsikia. Nilimkuta ameshaogeshwa. Hakunitazama usoni. Alisema neno moja tu: "Jengeni."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa watu waliosoma kidogo: nikasema tufuate sheria. Nikaenda kwenye ofisi ya vibali, ambayo siitaji kwa jina kwa sababu sitaki kuuchafua mdomo wangu, nikasimama dirishani. Ndani alikaa afisa mmoja, kijana mtanashati, shati limenyooka. Alibofya kompyuta yake kwa muda.

"Dada, hii nyumba haisomi."

"Haisomi nini?"

"Haisomi kwenye mfumo. Kiwanja kinasoma, nyumba haipo. Sasa siwezi kukupa kibali cha kuongeza chumba kwenye nyumba ambayo haipo."

Nikamwonyesha simu. "Na hii kodi ya majengo mnamkata nani?"

Aliusoma ujumbe, akanirudishia simu kwa vidole viwili. "Hiyo siyo sisi. Hiyo inakatwa kwenye umeme."

Alivyolisema, ungedhani umeme unaanguka na mvua. Nikaambiwa nyumba nzima ya baba ichorwe ramani kwanza, iombewe kibali kama vile haijajengwa, ndipo choo kifuate. Akaniandikia namba ya simu ya mtu ambaye ramani zake, alisema huku akitabasamu, huwa hazirudishwi. Nilijua maana ya tabasamu lile. Hata hivyo nilimtafuta huyo mtu, akaja, akapima, akachora, akalipwa. Ramani ikapelekwa. Kisha tukaanza danadana: leo mhusika yuko kikaoni, kesho yuko saiti, keshokutwa mfumo uko chini. Mwishowe afisa akasema maombi yangu hayawezi kupokelewa kwa sababu mimi siye mwenye kiwanja. Mwenyewe aje.

Nikamwambia mwenyewe hawezi kutembea, ndiyo maana tunaomba choo.

"Utaratibu, dada."

Basi nikampakia mama kwenye bajaji. Alijifunga kitenge chake cha kanisani, kichwani kilemba, kama mtu anayekwenda kwenye harusi. Tukakaa kwenye benchi la ukumbini pamoja na wengine. Afisa alikuwepo, tulimwona kupitia dirisha akiongea na simu, akatuonyesha kiganja: subirini. Tukasubiri. Mama akaanza kujisogeza. Akaninong'oneza. Nikamwinua, tukajikokota hadi mwisho wa ukumbi, tukakuta mlango wa choo una kufuli.

Nikarudi dirishani mbio. "Naomba ufunguo wa choo, mama yangu amebanwa."

"Hicho ni cha watumishi," akasema. "Na ufunguo anao mwenzangu, katoka nao."

Nilipogeuka, mama alikuwa ameegemea ukuta, na maji yanamtiririka miguuni yanaingia kwenye kandambili. Watu wa benchi waliangalia pembeni, Mungu awabariki. Nikavua mtandio wangu nikamfunga kiunoni. Mfagizi akaja na dekio, na mama yangu, mwanamke aliyelima pamba maisha yake yote bila kumwomba mtu chumvi, akawa anamwomba radhi mfagizi, anawaomba radhi watu wa benchi, analiomba radhi hata dirisha.

Afisa akachungulia. "Wazee mnawaleta ofisini bila maandalizi," akasema.

Nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Siku ile hali ilizidi hasira. Nilichosikia ni kinyaa, kilekile cha mama, cha mtu aliyeletewa uchafu mahali anapokula. Nilimpandisha mama kwenye bajaji, na njiani nikampigia fundi simu.

Tulijenga mchana kweupe. Tofali zilitoka Ngulyati, zikamwagwa mbele ya nyumba kila mpita njia azione. Fundi akaniuliza kama kibali kipo, nikamwambia nyumba haipo, kwa hiyo choo chake nacho hakitaonekana. Alicheka akakoroga saruji. Kilipokwisha, mama aliingia kwa fimbo yake, akafunga mlango, akakaa humo mpaka nikaogopa. Alipotoka akaomba chai. Akanywa kikombe chote, akaongezewa.

Kumbe choo kinaonekana. Haukupita muda mrefu, pikipiki ikaingia uwanjani, na aliyeshuka ni yule yule afisa, mkononi kopo la rangi nyekundu na brashi. Mama alikuwa kivulini anachambua choroko.

"Mwadila, mayu," akaamkia vizuri tu, kwa Kisukuma safi cha mtoto aliyelelewa.

"Mwadila, baba."

Alizunguka nyumba, akautazama ukuta mpya, akarudi. Alikuwa anatokwa na jasho na uso umekunjamana. Akaweka kopo chini. "Mayu, samahani. Nimezunguka tangu asubuhi, na tumbo limenivuruga. Naomba kujisaidia."

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa nalo jibu tayari: hicho ni cha watumishi, na ufunguo anao mwenzangu, katoka nao. Nilikwisha kufungua mdomo. Mama akanikata jicho.

"Mwonyeshe," akasema. "Mgeni hanyimwi choo."

"Mayu, huyu ndiye yule wa dirishani."

"Namjua. Mwonyeshe."

Nikampitisha chumbani kwa mama, kando ya kitanda chake, nikamwachia mlango. Alikaa humo. Akatoka uso umetulia, akanawa mikono uwanjani kwa maji niliyomtilia mwenyewe kwenye kata. "Wabeja, mayu," akashukuru. "Choo kizuri, kina hewa."

Kisha akaokota kopo lake, akaenda upande wa pili wa ukuta ule ule, akachora X kubwa, na chini yake akaandika BOMOA. Alipiga picha kwa simu. Akaniambia kwa sauti ya kunifariji kwamba sasa angalau nyumba imeingia kwenye mfumo, nifike ofisini na mama tuzungumze. Akawasha pikipiki.

Nilibaki nimeushika ukuta, rangi bado mbichi. Mama aliniuliza ameandika nini, nikamwambia. Aliinuka kwa fimbo yake, taratibu, akaingia ndani, na mimi nikasikia mlango wa choo ukifunguka.

"Mwanangu!" akaniita. "Njoo na ndoo. Hakumwaga hata maji."