Mama Mipaka

Shangazi yangu hakuwahi kufundisha hata siku moja, lakini kitongojini kwetu ni vigumu kupata mtoto aliyesoma bila mkono wake. Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa, alipanda juu ya stuli mbele ya ramani iliyofunika ukuta mzima wa ofisi ya elimu, penseli nyekundu sikioni, akachora mistari: watoto wa mtaa huu waende shule hii, wa mtaa ule waende ile.

Alipoajiriwa shule zilikuwa tatu tu, na upande wote wa mashariki ulikuwa mashamba. "Kazi ilikuwa mteremko," hutuambia. "Asubuhi nachora, mchana nafuma sweta." Kisha mashamba yakakatwa viwanja. Watu wakamiminika kutoka mjini na malori yao ya magodoro na makabati. Kuna mwaka darasa la kwanza lilisomea kwenye ghala la mbao, mwalimu akishindana kwa sauti na msumeno. Shule zikafika kumi, zikafika ishirini, mistari ikabanana ukutani, na wenzake wakambatiza jina la Mama Mipaka.

Shule ya ishirini na tatu ndiyo iliyomtoa jasho. Ilijengwa ng'ambo ya barabara kuu mpya. Wiki ya kwanza ya muhula, bibi mmoja fundi cherehani aliingia ofisini na mjukuu wake, msichana wa miaka minane, sketi imejaa tope.

"Wewe ndiye Mama Mipaka?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu kiti."

"Kiti sitaki. Nataka kujua kama umewahi kuvuka ile barabara saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

Shangazi akaweka kidole kwenye ramani. "Lakini hapa pana daraja la waenda kwa miguu, mama. Tazama."

"Kwenye karatasi lipo. Kule halipo."

Msichana akadakia, "Tunangoja malori yapungue, halafu tunakimbia. Jana daftari langu la hesabu lilianguka, nikaliacha."

Shangazi anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. Kesho yake alivaa raba, akaenda. Aliwakuta watoto arobaini na kitu wamejipanga ukingoni, wakubwa wamewashika wadogo mikono. Dakika ishirini nzima hakukupatikana upenyo. Lori moja lilipita, upepo wake ukamvua kilemba. Walipovuka hatimaye, ni yule mjukuu wa fundi aliyemshika shangazi mkono, wala si shangazi aliyemshika yeye.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa ofisi, vumbi na vyote.

"Mistari imeshapita kikaoni," mkuu akatia ngumu. "Halafu shule ya upande huu imejaa pomoni."

"Sawa, mzee. Ila kesho asubuhi twende wote ukaone."

Mkuu akacheka. Shangazi hakucheka. Wakaenda. Waliporudi, tai ya mkuu ilikuwa mfukoni, na alikunywa glasi mbili za maji kabla ya kusema, "Futa huo mstari."

Kufuta ni rahisi, ila watoto mia moja na kumi na mbili wangekaa wapi? Mwalimu mkuu wa shule ya zamani, ambaye tayari madawati yake yalikaliwa na watoto wanne wanne, aliuliza kama awabebe kichwani. Shangazi alihangaika wiki mbili. Bwalo likagawanywa kwa mbao nyembamba likawa madarasa mawili, na baadhi ya wanafunzi wakahamishiwa zamu ya mchana. Mmoja wao alikuwa binti yake mwenyewe.

"Mama gani anamhamisha mwanawe?" binamu yangu alilalama, akanuna siku tisa. Shangazi alimjibu kwamba angemwacha asubuhi, mtaa mzima ungesema, na ungesema kweli.

Tangu hapo hakuchora mstari ambao hajautembea. Alimaliza soli za raba, akaumwa magoti, akafukuzwa na mbwa mara mbili. Miaka ilivyokwenda wenzake nao wakaanza kutembea, mwanzoni kwa kunung'unika. Daraja lilijengwa baada ya miaka minne. Leo shule ni arobaini na moja, na ramani iko kwenye kompyuta.

Amestaafu, lakini mwaka jana ilipokaribia kufunguliwa shule mpya kule bondeni, ofisi ilimtumia gari. Alilirudisha, akanivuta mimi, tukaenda kwa miguu pamoja na afisa kijana mwenye simu kubwa. Penye mtaro mmoja shangazi akasimama.

"Mwanangu, mvua ikinyesha, mtoto wa darasa la kwanza anapitaje hapa?"

Kijana akautazama mtaro. Akakunja suruali, akashuka ndani mwenyewe. Maji yalimfika magotini.

"Hapiti, bibi," akasema kutoka kule chini, na akaanza kupiga picha.