Mama Mkwe Ndani ya Buti

Mume wangu alikuwa dereva wa teksi, na katika miaka ile ya hamsini teksi za Tanga zilikuwa chache, kila moja ikijulikana kwa honi yake. Yeye hakutaka gari lake lijulikane kwa honi. Alitia redio. Kispika kilichokuja nayo alikiona kina sauti nyembamba, akatafuta spika kubwa iliyokwishatumika, upana wake kama sinia la pilau. Binamu yake seremala akamchongea sanduku la mninga, likawekwa ndani ya buti. Abiria wenye mizigo waliambiwa waipakate.

Siku tatu tulistarehe. Siku ya nne, ngoma ilipolia redioni, gari likaitikia: tetetete. Mtu akisoma habari, hakuna kitu. Fidla ikilia, hakuna kitu. Ikiingia ngoma nzito tu, tetetete, kama kuku anadonoa bati.

Mume wangu aliichukulia kama aibu ya ukoo. Alitoa jeki na spana butini akazilaza chini ya kitanda chetu. Alifunga kibao cha namba kwa kamba. Alikaza kila nati aliyoifikia, na asiyoifikia aliigonga kwa nyundo. Abiria mmoja wa mtaa wa Mabawa, mama mtu mzima, aliombwa avue bangili zake ili tujue kama si zenyewe. Alishuka akaenda zake kwa miguu.

Mwishowe aliing'oa spika kwenye sanduku, akaileta ndani, akaiunga na redio ya nyumbani. Ililia safi, ngoma na vyote.

"Spika nzima," alisema. "Sanduku amechonga ndugu yangu, haliwezi kuwa na kosa. Basi ni gari."

Mimi niliinama nikaendelea kuchambua mchele.

Mama yake alikuwa kwetu wiki ile, amekuja kutoka Pemba kututembelea. Mwanamke mpole, mnene kiasi, ambaye mambo ya gari hakuwahi kuyaingilia hata siku moja. Kwa hiyo aliposema, "Nitaingia mimi humo butini nisikilize," tulidhani hatukumsikia vizuri.

"Mama, butini?" mume wangu aliuliza.

"Nyinyi mnasikiliza mkiwa mbali. Mimi nitakuwa karibu."

"Nitaingia mimi, mama. Wewe utaumia."

"Na nani ataendesha?"

Nilijitolea kuingia badala yake, tena nilijitolea kwa bidii, lakini aliniambia nimheshimu.

Jumamosi ile, saa tisa na nusu, wakati wa taarabu kutoka Unguja, spika ilirudishwa sandukuni, tukamtandikia godoro la sufi ubavuni mwake. Alijilaza, akajifunika buibui lake. Mfuniko wa buti tuliuacha wazi nusu, tukaufunga kwa kamba apate hewa. Buti lenyewe lilikuwa fupi kuliko yeye, hivyo mguu mmoja ulibaki nje, una hina ya arusi ya juzi. Mume wangu akashika njia ya Pongwe, kwa sababu ilikuwa na mashimo ya kutosha.

Redio iliimba kwa nguvu zake zote. Nilikaa kiti cha nyuma, nikisikia tetetete mgongoni mwangu. Kabla ya kufika Pongwe mlio ulikatika ghafla. Mume wangu aliupiga usukani kofi la furaha, akapunguza mwendo.

Tulisimama mbele ya msikiti, watu wakitoka kuswali alasiri. Kwanza waliitazama redio. Kisha mmoja akazunguka nyuma, akauona mguu na ile nguo nyeusi. Alivua viatu alivyokwisha kuvaa. Wengine wakamfuata kimya, mikono imefungwa mbele. Mzee mmoja alimjia mume wangu dirishani.

"Poleni sana. Mnamzika wapi?"

"Nani?"

Mzee alielekeza kidevu nyuma. "Tena mngezima hiyo taarabu, baba. Si vizuri."

Sauti ya mama ikatoka chini ya buibui, taratibu kabisa: "Asizime. Bado nasikiliza."

Sijapata kuona watu wazima wakirudi msikitini kwa kasi ile. Yule mzee peke yake alibaki, nadhani kwa sababu ya magoti. Mama alipofungua uso alimwamkia vizuri, naye akaitika, lakini alikuwa akitazama mbinguni.

Tuliporudi nyumbani mume wangu alimshusha mama yake kama yai. "Ilikuwa nini?"

"Nati," alisema. "Nimeikaza."

Kisha akaniita chumbani nimkandekande mgongo. Alifunga mlango, akafungua pindo la kanga, akaweka kitandani vijaluba viwili vya bati, vile vya kutilia hirizi, akalala kifudifudi kando yavyo nikaanza kumkanda.

"Nilivitoa sandukuni, nyuma, kwenye tundu la waya," alisema. "Hiki changu. Nilikitia siku ya pili baada ya kufika, kwa ajili ya hasidi. Hiki cha nani?"

Niliendelea kukanda.

"Mwanangu, hapo unaponikanda ni godoro."

Nikamwambia. Mume wangu alikuwa na abiria mmoja, mjane wa Raskazone, aliyemkodi kila siku tangu spika ilipotiwa na hakutaka dereva mwingine. Mwalimu mmoja aliniandikia hirizi, nikaitia mle mle. Sikujua kama kuna mwenzangu. Vijaluba viwili mahali pamoja, ngoma ikilia, vikagombana.

Mama mkwe aliviokota, kimoja kila mkono. "Mimi nalinda gari," alisema, "wewe unalinda dereva. Si vibaya." Kisha akacheka mpaka mgongo ukamuuma kweli.

Tulivizungushia pamba, kila kimoja mbali na mwenzake, tukavishonea ndani ya kiti cha nyuma. Mjane mwenyewe nilimwona mwezi uliofuata: bibi kizee mwenye fimbo, masikio mazito, na teksi yetu ndiyo pekee ambayo redio yake aliisikia. Changu nikakitoa.

Mume wangu hakuambiwa. Alimwomba mama yake amwonyeshe ile nati; mama akagusa ya kwanza aliyoiona. Tangu siku hiyo, kwenye kahawa, mume wangu aliwaeleza watu jinsi ngoma nzito inavyoitikisa nati moja na kuziacha nyingine. Wakaanza kumletea magari yao yanayolia. Mara moja lililetwa lori la mkonge lililowashinda mafundi wawili. Aliinama chini yake adhuhuri nzima, anagonga, anatega sikio, anagonga tena. Nilikuwa dirishani, nikimwonea huruma. Alitoka na kipande cha chuma kilichovunjika kwenye bomba la moshi, akamkabidhi dereva, akaenda kunawa mikono. Lori likaondoka kimya.