Marais Wawili, Mto Mmoja

Darasa letu la kidato cha tatu lilikuwa na jibu moja kwa vita vyote vya dunia: viongozi ni wajinga. Madam wa historia alituuliza inakuwaje mtu mwenye washauri, majenerali na kompyuta chumba kizima anaipeleka nchi yake kwenye vita ambavyo hata yeye mwenyewe havitaki. Tukamjibu hivyo, wajinga tu, tukaanza kusikilizia kengele. Mimi nilijibu kwa sauti kuliko wote. Nyumbani kwetu Mafiga, baba huwapangia marais wa dunia cha kufanya kila taarifa ya habari inapoanza, na kwa mujibu wake hajawahi kukosea.

Madam hakubishana nasi. Kipindi kilichofuata alisogeza madawati, akaligawa darasa kuwa nchi mbili. Ya kwanza ilikaa upande wa madirisha yanayotazama milima ya Uluguru, kwa hiyo ikapewa chanzo cha mto na bwawa. Ya kwetu ilikaa upande wa mlango, ikapewa mashamba ya mpunga yanayokauka na jeshi lenye hasira. Kila rais angeandika neno moja kwenye karatasi, SHAMBULIA au SUBIRI. Mmoja akishambulia wakati mwenzake anasubiri, anachukua mto wote. Wote wakisubiri, wanagawana maji. Wote wakishambulia, bwawa linapasuka na nchi zote mbili zinakwenda na maji.

Mkuu wa shule, ambaye masomo ya kucheza hayapendi hata kidogo, alikuja kukaa nyuma siku hiyo. Madam alikuwa ametuambia mapema, bila kuzunguka, kwamba raundi ya mwisho ikiishia kwenye vurugu, tunarudi kunakili notisi ubaoni mpaka tumalize shule. Kipindi chake ndicho pekee ambacho nilikuwa sisinzii. Kwa hiyo siku hiyo hata mimi nilikuwa na cha kupoteza.

Wenzangu walinichagua rais kwa sababu nawachekesha. Nadhani kuna nchi zimechagua kwa sababu mbaya zaidi. Rais wa upande wa mlimani alikuwa dada mkuu wa shule, binti ambaye hata akicheka unahisi anaandika majina ya wapiga kelele.

Kabla ya raundi ya majaribio nilijipangia mkakati. Nilifunga tai kichwani, nikatangaza kwamba waziri wangu wa ulinzi ni mbuzi, na kwamba nimeota natakiwa kulipua bwawa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: wakiamini nimechanganyikiwa, wataogopa, watasubiri, mto wote wangu. Nikaandika SHAMBULIA kwa herufi za kujivunia.

Madam alifungua karatasi. Dada mkuu naye alikuwa ameandika SHAMBULIA. Madam akachukua jagi, akamimina maji sakafuni taratibu mpaka yakafika kwenye viatu vya Mkuu. Mkuu akainua miguu, akamtazama Madam, nasi tukaanza kuziona notisi ubaoni.

Madam akamwomba dada mkuu aeleze. Alieleza kama anasoma taarifa ya mahudhurio. Angekuwa na jirani mwenye akili zake, alisema, angesubiri, kwa sababu mtu mwenye akili anajua bwawa likipasuka anazama naye. Lakini jirani anayeshauriana na mbuzi hawezi kuachiwa aanze yeye.

Nilidhani nimemtisha, kumbe nimemfanyia hesabu ya kunishambulia. Nikajaribu kumtafuta mjinga kati yetu wawili nikamkosa. Yeye aliniogopa mimi, na mimi nilitaka aniogope. Nyuma ya kila mmoja wetu walikaa wananchi wakipiga madawati na kuimba "Piga, piga", na hakuna hata mmoja wao ambaye angekufa kabla ya chai ya saa nne. Niliwageukia watu wangu nikasema labda raundi hii tusubiri. Wakazomea. Mwenzangu wa dawati, ambaye asubuhi hiyo alikula nusu ya andazi langu, aliniita msaliti wa taifa.

Kabla ya raundi ya mwisho Madam aliruhusu marais wakutane mbele ya ubao. Nilivua tai kichwani. Nikamwambia dada mkuu kwa sauti ya chini kwamba mimi naandika SUBIRI, naye aandike hivyo.

"Siwezi kukuamini," akasema. "Kwako kila kitu ni utani."

Alikuwa na haki. Mtu akikujua kwa mizaha, vitisho vyako havimtishi na ahadi zako hazimtulizi. Nilikuwa karibu kurudi kwa watu wangu, lakini lile neno utani lilinikwama kichwani.

"Utani upi?" nikamuuliza. "Mimi Mngoni, wewe Mhehe."

Makabila yetu ni watani wa jadi. Wote wawili tulikuwa tunafikiria msiba wa bibi yake kule Mlali. Watani tulifika mapema. Nililala chali mbele ya jeneza nikalizuia lisipite mpaka nipewe soda, nikauliza mbwa wa mtaa ule wote wameliwa na nani, maana Wahehe hutaniwa kwa kula mbwa kama sisi tunavyotaniwa kwa panya, na wazee wa Kihehe waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Wakanipa soda yangu, na hakuna aliyeona wameshindwa, kwa sababu kumkubalia mtani si kushindwa. Kisha nikainuka nikashika jembe, na sisi Wangoni tukafukia kaburi mpaka mwisho, tukaosha na masufuria.

"Unaongea kama rais au kama mtani?" akauliza.

"Kama mtani."

"Rais nisingemwamini hata salamu. Haya, nenda kakae, mla panya."

Watu wake walimsikia akinitukana, wakashangilia, wakaona yuko imara. Wangu nao wakashangilia walipoona narudi nacheka. Hapo tukapata dakika ya kuandika bila kelele za mtu. Madam akafungua karatasi: SUBIRI, na SUBIRI. Mwenzangu wa dawati alinung'unika kwamba vita vingenoga zaidi, lakini jagi lilibaki mezani.

Mkuu alisimama. Tukasimama wote, shikamoo ya pili ya siku hiyo ikajaa darasani kwa woga, akaitikia marahaba bila kutabasamu. Akauliza: "Na hao marais wa kweli, ambao si watani, wafanyeje?"

Madam alinitazama mimi. Nilitafuta mzaha, sikuupata, ikabidi niseme ninachofikiri. Nikasema Wahehe na Wangoni nao hawakuzaliwa watani. Walipigana kweli, wakazikana kweli, na utani wakautengeneza baadaye, watu wazima walipochoka kuzika. Kama ulitengenezwa mara moja na watu wasio na hata simu, nikasema, unaweza kutengenezwa tena, ila safari hii tuuwahishe kabla ya makaburi.

Mkuu akakitazama kiti alichokalia, kisha sakafu iliyokuwa bado na maji.

"Madam," akasema, "wiki ijayo pakiwa na nchi ya tatu inayotaka maji hayo hayo, itakaa upande gani?"

Madam alisema bado hajapanga. Mimi na dada mkuu tukaanza kusogeza madawati, tukiacha nafasi ya nchi ya tatu.