Lurdes na Maji ya Kijani ya Gilberto

Kazi yangu ni kufunua mifuniko ya maji taka. Nimezunguka mji wote wa Providence, hapa Marekani, na wakaguzi wa maji taka, wengine wavivu hata kuinama hawataki. Niliyemvulia kofia ni mmoja tu, Lurdes Medeiros.

Viwanda vya hapa vinavyopaka mapambo madini ya nikeli vina ujanja wao. Gari letu likionekana tu mtaani, wanapigiana simu, na kila mmoja anafungulia mpira wa maji kwenye bomba la uchafu. Sumu ya nikeli inazimuliwa, mkaguzi anachota maji kama ya kunywa, anaondoka anatabasamu. Basi Lurdes akawa analiacha gari kanisani, tunakwenda kwa miguu.

Mwezi mmoja, vijidudu vinavyokula uchafu kwenye mtambo wa mji wa kusafishia maji taka viliuawa na nikeli. Maji taka yakaingia baharini hivyo hivyo, wavuvi wa chaza wakazuiwa kazi. Tukakagua bomba moja baada ya jingine mpaka tukafika kiwandani kwa Gilberto. Loo! Gilberto ndiye baba wa ubatizo wa Inês, binti wa Lurdes. Lurdes ni mjane, kwa hiyo Jumamosi ya wiki ile Gilberto ndiye angemwingiza Inês kanisani kuolewa.

"Mwachie mkaguzi mwenzako bomba hili," nikamwambia.

"Mwenzangu yuko likizo, na nikeli haiendi likizo. Funua!"

Nikafunua. Maji meupe yanabubujika, kumbe alikwisha kupigiwa simu. Lurdes akapaza sauti dirishani, "Kaka Gil! Leo mnaoga wote humo ndani?"

Gilberto akatoka anafuta mikono. "Aa, dada! Karibu kahawa. Harusi imefikia wapi?"

"Kahawa baadaye. Funga mpira."

"Mpira gani tena?"

"Gil, usinifanye mtoto."

Akaufunga. Tukangoja. Maji yakapungua, halafu yakaja ya kijani, kijani hasa. Lurdes akajaza chupa yake. Kesho yake maabara ikathibitisha, nikeli imepita kiwango mbali sana. Angeweza kunituma mimi, lakini alirudi mwenyewe kuziba bomba mpaka Gilberto aweke tangi la kuchujia sumu.

"Ukiziba hilo, Jumamosi msinitafute," Gilberto akasema.

"Nitakutafuta, kaka. Lakini naziba."

Jumamosi tulisimama mlangoni mwa kanisa tukitazama barabara. Padri alituma mtu kuuliza, akamtuma tena. Gilberto hakutokea. Nilimtukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe, pale pale kanisani.

Inês akamgeukia mama yake. "Mama, unajuta?"

"Kwa Gil naumia sana, mwanangu. Ni ndugu yangu yule. Kwa bomba, hapana."

Inês akajifuta machozi taratibu, asiharibu poda. Akanyoosha mkono.

"Basi niingize wewe."

Lurdes akaushika, wakaingia.