Gunia la Daraja la Kwanza

Kwa nini mtu apige msasa kwa upendo kiti asichoruhusiwa kukikalia? Nimesoma hadi chuo kikuu, mvi zimeanza kunitoka, na bado sina jibu.

Juma lililopita binti yangu alinipeleka kuona mahali alipochagua kufanyia arusi yake hapa Johannesburg: behewa kuukuu la abiria lililogeuzwa mkahawa. Niliingia tu, harufu ya vanishi ikanirudisha Lubumbashi, katika kambi ya wafanyakazi wa reli.

Babu yangu alikuwa miongoni mwa maseremala weusi wa kwanza kuunda mabehewa ya abiria katika karakana ya reli pale. Jioni, bibi akisonga bukari, ugali wa kwetu, nasi watoto tukichambua dagaa, babu alitusimulia daraja la kwanza: mbao za mninga, viti vya mahameli. Fundi mweusi hakuruhusiwa kuvikalia, hata kwa kuvijaribu. Walivijaribu kwa gunia la mchanga lenye uzito wa mtu.

Babu alisimulia hayo akicheka. Bibi hakucheka kamwe.

"Gunia limekaa daraja la kwanza, mzee," alikuwa akisema, akigonga mwiko sufuriani. "Mkeo alisimama ndani ya treni mpaka Likasi, na mimba tumboni."

Babu aliomba mboga.

Kambi ile, rafiki yangu, imekwisha. King'ora cha karakana hakilii, reli imemezwa na nyasi, na wazee wale tumewazika mmoja mmoja. Yamebaki mabehewa, na wanaoyasimulia ni watu wengine.

"Hili limetoka karakana ya Lubumbashi, mama," mhudumu wa mkahawa, Mtanzania wa Tanga, alitueleza kwa fahari. "Wazungu walilichonga kwa mikono yao."

"Kwa mikono ya nani?"

"Eish, mama, usinikaange mimi! Bosi ndiye kanifundisha."

Nikamwendea bosi, nikamwomba asahihishe maelezo hayo. Akatabasamu, akasema wageni hawaji pale kusikiliza malalamiko. Walimnyima babu kiti. Sasa wanamnyima hata kazi aliyoifanya.

Tuliporudi nyumbani, mtaa wa Berea, nilimweleza binti yangu habari za bibi aliyesimama. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, mimi hapana taka olewa pale."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda pamoja, tukaifuta sherehe mbele ya bosi yule, kisha tukashika njia ya mtaa wa Malvern kuomba ukumbi wa kanisa, wenye viti vya plastiki.