Chumvi Ndani ya Shungi

Katika mtaa wa Tepeticpac, nchini Tlaxcala, hakuna aliyebishana na mkono wa Centehua jikoni. Waazteki walikuwa wamefunga njia zote za chumvi tangu mama yake angali kigori, wakingoja Tlaxcala ipige magoti. Centehua aliwajibu kwa pilipili za kuchoma, mbegu za maboga na majani ya parachichi. Watu walilamba vidole, vita vikaendelea.

Siku washenga walipokuja kumposa binti yake Xoco, nani angehofia chungu? Hofu aliileta mposaji mwenyewe. Cuixtli alitoka zamu ya mpakani asubuhi hiyo, akafungua shungi lake la nywele na kutoa bonge jeupe, kubwa kama yai la bata mzinga.

"Chumvi, mama. Imepita mbele ya macho ya walinzi wao."

"Inatiwa kiasi gani?"

Kijana akakuna kichwa. "Nilikuwa na haraka. Sikuuliza."

Centehua akapima kwa akili. Pilipili huingia konzi mbili. Chumvi nayo haiwezi kuwa kali kuishinda pilipili. Akaliponda bonge lote, akalimimina katika chungu cha mchuzi. Hakuonja. Kitu cha heshima kama hicho, aanze mgeni.

Mshenga mkuu alikuwa Tzilin, shangazi yake Cuixtli, aliyewahi kuvunja posa mbili kwa sababu ya mikate mibichi. Alichovya, akatia kinywani. Machozi yakamlenga. Akanywa kata ya pombe ya mkonge, kisha ya pili. Nyuma ya mlango, Xoco alibana pumzi.

"Mwanangu, hiki ni nini?" akamuuliza Centehua.

"Chumvi, mama. Kaileta Cuixtli."

"Ukaitia yote?"

"Yote."

Tzilin akawageukia wenzake. "Kumbe miaka yote hii Waazteki wanatunyima balaa hili? Waambieni wakaze uzi."

Kicheko kikajaa nyumba. Aibu ilimchoma Centehua, lakini hata yeye alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ule mchuzi wako wa siku zote haupo?" Tzilin akauliza.

"Upo jikoni, wa watoto."

"Ulete. Na binti anajua kuupika?"

"Tangu ana miaka saba."

Tzilin alikula sahani nzima kabla ya kufuta midomo. "Basi tumeposa. Na wewe Cuixtli, shungi lako liachie chawa."