Sauti Iliyobaki Kabatini

Mwalimu alikuwa koridoni mwa hospitali, funguo mkononi, aliposikia sauti ya fundi seremala ikitoka chumba cha tatu. Fundi seremala, mgonjwa wake, alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita, naye mwalimu alikuwepo makaburini, akalia kama ndugu.

"Nimechoka," ilisema sauti ile. "Niacheni niende."

Kwa miaka kumi na minne mwalimu alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu, humohumo hospitalini, namna ya kumrudishia maneno mtu aliyenyang'anywa na ugonjwa. Wanafunzi walimwita Mama Subiri, na jina lilimkaa. Kanuni yake ilikuwa moja: ukimuuliza mgonjwa swali, hesabu kimoyomoyo mpaka ishirini, na usimmalizie sentensi yake hata kama unaijua. Aliyemalizia alirudia mtihani, alie asilie. Mumewe alizoea kulalamika kwamba nyumbani kwao hata swali la chumvi ni usaili, maana mke anakukodolea macho mpaka unasahau ulichotaka kusema.

Aliingia. Mshonaji, mama wa miaka arobaini, alikuwa amelala kama walivyomwacha jana. Tangu apate kiharusi hakuwa na kiungo kinachosogea ila macho. Mbele yake ilisimamishwa mashine ya macho, ile yenye kamera inayofuata mboni. Ukilikazia neno kwenye kioo, inalitamka. Kando alikuwepo mwanafunzi wa mwalimu, binti mwenye bidii ya mchwa, meno yote nje. Mume wa mshonaji alisimama dirishani, uso umemsawijika.

"Ameongea, mwalimu!" alisema binti. "Amechagua mwenyewe! Hiyo sauti ya kiume nitaibadilisha."

"Daktari anataka jibu kabla ya saa sita," alisema mume. "Wamtoboe koo apumue kwa mpira, au wamwache. Nikasema aulizwe mwenyewe. Basi ndiyo keshasema."

"Mke wangu, usilie," ilisema mashine.

Mume alirudi nyuma hatua moja. "Mke? Mimi?"

Mwalimu aliijua sentensi hiyo. Mashine ile hujifunza mazoea ya mwenyewe: ukianza neno inakuletea linalofuata, kisha sentensi nzima, kubwa, katikati ya kioo, na jicho lililochoka likitua pale huhesabiwa limechagua. Fundi seremala aliirekodia sauti yake mapema, kabla koo halijamsaliti, na kwa miaka miwili alizungumza na mkewe kwa mashine hiyo mpaka siku ya mwisho. Iliporudishwa, kazi ya kufuta sauti na maneno yake ilikuwa ya mwalimu. Ijumaa tatu aliitoa kabatini, Ijumaa tatu akairudisha bila kufuta. Kweli mganga hajigangi. Binti aliikuta imejaa chaji, akaichukua.

"Kosa ni langu," alisema mwalimu. "Hayo si maneno ya mkeo, ndugu yangu. Ni ya mtu aliyefariki. Nilipaswa kuyafuta, nikashindwa."

"Yaani maiti ndiye kanijibu?" mume alimaka. "Dada, nimeshika kalamu hapa! Nilikuwa naweka sahihi!"

Mwalimu hakujitetea. Aliizima mashine, akachukua ubao wa plastiki angavu wenye herufi, akauinua kati ya uso wake na wa mshonaji. Kwa ubao huo mgonjwa hutazama herufi, na aliye upande wa pili huitaja. Ni kazi ya kobe, ila hakuna anayekuletea neno ambalo hukuliita. Saa ya ukutani ilionyesha tano na nusu.

"Mama, tuambie unachotaka. Tuna muda." Hawakuwa nao.

Macho yalitambaa. N. A. N. I. Yakatulia, yakatambaa tena. K. A. S. E. M. A.

Mshonaji alikuwa amelala pale akimsikia mtu mwingine akimjibia kuhusu uhai wake, asiweze hata kushtuka. Mwalimu alimweleza yote, hakuficha. Mshonaji alifumba macho.

Mume alifungua kinywa. Mwalimu akamwinulia kidole. Ishirini ilipita. Arobaini ikapita. Macho yakafunguka.

"M. I. M. I," alisoma mwalimu. "S. I. J. A."

"Sijaamua!" alidakia mume. "Anasema hajaamua!"

"Subiri!"

Mkono wa mwalimu ulikufa ganzi, lakini hakuushusha. C. H. O. K. A.

Mume aliketi kitandani, akaishika mikono ya mkewe, akalia waziwazi. Mwanafunzi ndiye aliyekimbia kumwita daktari.

Alasiri, mshonaji akiwa bado chumba cha upasuaji, mwalimu alikaa peke yake mbele ya mashine. Kesho mashine ingekuwa ya mshonaji. Alibonyeza kufuta, nayo ikauliza kama ana hakika. Alibaki ameitazama. Kamera ikayakuta macho yake, nayo yalikuwa yametua katikati ya kioo.

"Subiri, mwalimu," alisema fundi seremala, kwa sauti ileile aliyokuwa akimtania nayo.

Alisubiri. Alihesabu mpaka ishirini, machozi yakimchuruzika, akimtazamia aseme jingine. Hakusema. Mwalimu akafuta.